Mwanamke Anapokimbia, Dai Lake Lipimwe Vipi?

Tunawaomba wasomaji wetu watusamehe kwa kuiacha wiki hii mada ya malezi tuliyokuwa tukiendelea nayo. Lipo jambo lililotukuta safarini ambalo tangu siku ile halijatutoka moyoni, na tunaona kwamba linazihusu nyumba zetu kuliko tunavyodhani.

Tulialikwa kufundisha bara kwa muda wa wiki mbili, ya kwanza Kitale na ya pili Bungoma. Mtu wa pwani akifika Kitale hulakiwa na baridi ya alfajiri, kisha huona wingi wa magari yanayoelekea kaskazini. Barabara ya kutoka mji huo hupita Kapenguria, ikaenda Lodwar, hata ikafika Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi imekuwako tangu mwaka 1992. Bungoma nayo iko kwenye barabara kuu iendayo Malaba, mpakani mwa Uganda. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, maelfu ya Wakenya walivuka mpaka huo wakaomba hifadhi kwa jirani. Kwa hiyo watu wa miji hii miwili hawahitaji kufundishwa maana ya ukimbizi. Wamewaona wageni wakipita kuja kwetu, na wamewaona ndugu zao wakitoka.

Siku ya nne ya darsa zetu za Kitale, baada ya sala ya alasiri, alitujia mama mmoja muuza vitambaa sokoni, pamoja na imamu aliyetukaribisha. Mambo madogo katika habari yake tumeyabadili ili asijulikane, naye ametupa idhini ya kuyaeleza haya. Alikuwa amebeba mfuko wa plastiki, na ndani yake karatasi zilizokunjwa kunjwa. Akasema, "Sheikh, binti yangu yuko Ulaya. Ameomba hifadhi, wamemkatalia. Wakili wake anasema rufaa inahitaji barua ya mtu wa dini. Nakuomba uniandikie."

Habari ya binti

Mama huyu ni Msabaot, mzaliwa wa miteremko ya Mlima Elgon upande wa Kaunti ya Bungoma. Alisilimu alipoolewa na mwanamume wa Mumias, mji ambao dini yetu iliupata katika karne ya 19 kwa njia ya wafanyabiashara Waswahili waliopanda huko na misafara. Mume wake alifariki binti akiwa na umri wa miaka saba. Mama akarudi kwa watu wake mlimani, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Binti alipopevuka, wajomba walidai apelekwe jandoni pamoja na wenzake, yaani akeketwe, kisha aozwe. Mama alipokataa, aliambiwa kwamba dini ya mumewe ndiyo iliyomharibu, na kwamba binti asiyetahiriwa ataitia ukoo aibu. Akamtorosha usiku akampeleka Kitale kwa rafiki yake. Baada ya wiki tatu wajomba walifika mlangoni. Mengine ya jinsi binti alivyosafiri hata akafika ng'ambo hatutayaandika.

Barua ya kukataliwa ilikuwa imefasiriwa kwa Kiswahili na mtu wa huko huko. Sababu zake zilikuwa nne. Ya kwanza, kwamba mwombaji anatoka Bungoma, na watu wa Bungoma hawakeketi wasichana. Ya pili, kwamba angeweza kuishi Kitale au mji mwingine wa Kenya. Ya tatu, kwamba alipoulizwa maswali ya dini yake alishindwa kujibu mengi, kwa hiyo Uislamu wake una shaka. Ya nne ndiyo iliyotuchoma: kwamba wako Waislamu wanaokeketa, basi iweje binti aseme kwamba anadhulumiwa kwa kuwa Muislamu asiyetaka kukeketwa?

Tuliyasoma hayo mara mbili. Kisha, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulichukua kalamu usiku ule ule tukaandika barua ya hasira. Tulisema kwamba tunamjua binti huyo kuwa ni Muislamu mwema, kwamba maisha yake yamo hatarini, na kwamba kila mtu mlimani anaijua habari yake. Binti mwenyewe hatukuwahi kumwona.

Tulipofika Bungoma tulimwonyesha barua ile wakili mmoja anayehudhuria darsa zetu. Aliisoma, akaikunja, akaturudishia kwa adabu. "Sheikh wetu," akasema, "haya uliyoyaandika, umeyashuhudia?" Hatukuwa na jibu. Akaendelea, "Hakimu atauliza swali hilo hilo. Akiona kwamba shahidi mmoja amesema asilolijua, ataanza kumshuku hata binti anayesema kweli."

Tuliichana barua ile. Na hapo ndipo tulipoanza kujiuliza swali ambalo ni kichwa cha makala haya.

Baraza la Najashi

Kabla ya kuwalaumu maofisa wa Ulaya, tukumbuke kwamba sisi ni umma uliowahi kuomba hifadhi. Katika mwaka wa tano wa utume, Waislamu wa mwanzo waliteswa Makka hata Mtume (S.A.W.) akawaelekeza Habasha, kwa mfalme ambaye kwake hakuna mtu anayedhulumiwa. Walikwenda wanaume na wanawake. Makuraishi wakawatuma wajumbe wawili, Amr bin al-As na Abdullah bin Abi Rabia, wakiwa na zawadi kwa mfalme na wakubwa wa dini wake. Lengo lao lilikuwa wakimbizi warudishwe bila ya kusikilizwa.

Wakubwa wale walishauri iwe hivyo. Najashi alikataa. Hakuwatoa watu waliokimbilia nchi yake mpaka awaite awasikie wenyewe. Jaafar bin Abi Talib akasimama akaeleza walivyokuwa kabla ya Uislamu, walivyoamini, na walivyoteswa kwa kuamini. Siku ya pili Amr alirudi na hila nyingine: aliwashitaki kwa wanayoyasema juu ya Nabii Isa (A.S.), akijua kwamba mfalme ni Mkristo. Waislamu walijua kuwa jibu la kweli linaweza kuwaponza. Walilisema vivyo hivyo. Najashi akazirudisha zawadi za Makuraishi, na wakimbizi wakabaki kwa amani.

Na aliyeihifadhi habari hii kwa urefu ni mwanamke, Bibi Ummu Salama (R.A.), aliyekuwa miongoni mwa waliohamia huko na ambaye baadaye alikuwa mama wa waumini. Habari ya baraza lile imetufikia kwa ulimi wa mkimbizi wa kike.

Katika kisa hiki tunajifunza mambo mawili. Anayepima dai ni wajibu wake kumsikiliza mwenye dai kabla ya kuwasikiliza wanaomtaka arudishwe. Na anayedai ni wajibu wake kusema kweli, hata ile inayomtia hofu.

Sura iliyoitwa kwa jina la mtihani

Iko sura nzima katika Qur'ani, ya sitini, inayoitwa al-Mumtahana kwa sababu ya wanawake waliohama. Katika mwaka wa sita wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alifanya mkataba na Makuraishi pale Hudaybiya. Sharti moja lilikuwa kwamba anayetoka Makka kwenda Madina bila ya idhini ya walii wake arudishwe. Wanaume walirudishwa, na ilikuwa chungu mno. Kisha akaja Ummu Kulthum bint Uqba, mwanamke aliyetoka nyumbani kwao peke yake, na nyuma yake wakafuata ndugu zake wawili wakimdai.

Hapo ndipo ilipoteremka aya ya kumi ya sura hiyo. Maana yake ni kwamba waumini wakijiwa na wanawake waliohama wawajaribu, ilhali Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi imani zao. Na wakiwatambua kuwa ni waumini, wasiwarudishe. Ummu Kulthum hakurudishwa. Wanazuoni wa tafsiri wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba mwanamke aliapishwa kuwa hakutoka kwa kumchukia mume, wala kwa kutamani nchi nyingine, wala kwa kutafuta dunia, bali kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Tuitazame vizuri hukumu hii. Mwanamke aliulizwa yeye, wala hakuulizwa kaka yake. Aliulizwa sababu ya kutoka, wala hakufanyiwa mtihani wa elimu. Na katikati ya amri ya kuwajaribu yamewekwa maneno ya kumkumbusha mjaribu kwamba yaliyomo moyoni hayajui. Ni mtihani wenye mpaka. Hata haki ya upande wa pili haikusahauliwa, kwani waume walioachwa Makka waliamriwa warudishiwe mahari waliyotoa. Mali ilirudishwa, mtu hakurudishwa.

Sheria za zama zetu

Mkataba wa kimataifa wa wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1966, unamtambua mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa ajili ya mambo matano: rangi au asili, dini, utaifa, kuwa katika kundi fulani la kijamii, au maoni ya kisiasa. Jinsia haimo katika orodha hiyo. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2006 iliitaja jinsia kwa jina lake, jambo ambalo nchi nyingi hazikulifanya. Sheria hiyo ilifuatwa na ile ya mwaka 2021 inayotumika leo.

Mahali ambapo sheria haiitaji jinsia, wanawake wamepata kinga kwa mlango wa kundi la kijamii. Kisa mashuhuri ni cha Fauziya Kassindja wa Togo, ambacho mwenyewe amekieleza katika kitabu. Alikuwa binti wa Kiislamu. Baba yake aliichukia mila ya ukeketaji akawakinga mabinti zake. Baba alipokufa, binti akawa mikononi mwa shangazi, akapangiwa ndoa na mwanamume mkubwa mwenye wake wengine, na kukeketwa kwanza. Alikimbia akafika Marekani mwishoni mwa mwaka 1994 akiwa na miaka 17, akafungwa kizuizini zaidi ya mwaka mmoja. Jaji wa kwanza hakumwamini. Mwezi wa Juni 1996 baraza la rufaa lilimwamini, likampa hifadhi, na hukumu hiyo ikawa mwongozo kwa kesi nyingine.

Tumekitaja kisa hiki kwa makusudi. Aliyemkinga binti alikuwa baba Muislamu, na waliomtisha walikuwa jamaa Waislamu. Nyumba moja ilibeba yote mawili.

Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, limetoa miongozo juu ya mambo haya: ule wa jinsia mwaka 2002, na ule wa dini mwaka 2004. Wa kwanza unataka mwanamke ahojiwe peke yake, bila ya mume wala kaka, na ikiwezekana na mhoji na mkalimani wa kike, kwa kuwa yako mambo ambayo mwanamke hawezi kuyatamka mbele ya watu wake. Wa pili unaeleza kwamba dini ni imani, tena ni utambulisho wa mtu, tena ni mwenendo wa maisha. Na kwamba mtu anaweza kuteswa kwa ajili ya dini ilhali elimu yake ya dini ni ndogo, hasa mwanamke ambaye katika jamii nyingi huzuiwa kufundishwa.

Basi na tuzirudie zile sababu nne.

Bungoma ni moja, watu wake ni wengi

Ofisa aliyesema kwamba watu wa Bungoma hawakeketi wasichana alisoma nusu ya habari. Wabukusu, ambao ndio wengi katika kaunti hiyo, hutahiri wavulana, na sherehe zao za mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa zinajulikana nchi nzima, wasichana hawawakati. Lakini Mlima Elgon uko ndani ya kaunti hiyo hiyo, na Wasabaot wanaoishi huko wamekuwa na mila ya kukeketa, sawa na jamaa zao Wasabei wa Kapchorwa upande wa Uganda. Anayemuuliza mwombaji "unatoka kaunti gani?" na asimuulize "wewe ni wa watu gani?" atapata jibu la kweli ahukumu kwa makosa.

Ni haki kusema pia kwamba mila hiyo inapungua. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii ulionyesha kwamba mwaka 1998 wanawake 38 katika kila 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2014 walikuwa 21, na mwaka 2022 wakawa 15. Uganda ilipiga marufuku ukeketaji mwaka 2010 na Kenya mwaka 2011, na sheria yetu inamkamata hata anayemvusha msichana mpaka ili akakatwe ng'ambo. Lakini wastani wa nchi haumkingi msichana mmoja katika nyumba moja. Wala kuwapo kwa sheria si sawa na kuwapo kwa askari siku wajomba wanapobisha mlango.

Kwa nini hakubaki Kitale?

Swali hili si la dhuluma. Hifadhi ya nchi ya kigeni ni ya asiyeweza kulindwa kwao, na ni haki ya mhoji kuuliza kama ulikuwako mji mwingine wa kukimbilia. Kosa ni kuuliza kwa kutazama ramani peke yake.

Mwaka 2008, baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa hukumu ya mwongozo katika shauri la mwanamke wa Kenya aliyehofia kukeketwa. Lilieleza kwamba kuhamia sehemu nyingine ya nchi ni jibu pale tu ambapo mwanamke hatarajiwi kukutana huko na wale wanaoweza kumlazimisha, na ambapo ni jambo la maana kumtaka aishi huko. Na kwamba mwanamke wa shamba asiye na njia ya kujikimu hawezi kuambiwa tu aende mjini. Sasa Kitale ni mji mkuu wa Trans Nzoia, kaunti inayopakana na mlima huo huo, na Wasabaot wanaishi humo pia. Binti aliyejificha hapo amejificha sebuleni kwa watu wake. Ndiyo maana alipatikana kwa wiki tatu.

Mtu anaweza kusema kwamba ardhi ya Mwenyezi Mungu ni pana. Ndiyo, ni pana, na katika Suratun Nisaa wamelaumiwa waliokaa katika dhuluma na hali wangeweza kuhama. Lakini aya inayofuata inawatoa katika lawama wanyonge miongoni mwa wanaume, wanawake na watoto wasio na uwezo wala wasioijua njia. Msichana asiye na nauli, asiye na kazi na asiye na ndugu Mombasa wala Nairobi, ardhi kwake si pana hivyo.

Imani haipimwi kwa maswali ya darasani

Binti huyu alifiwa na baba akiwa na miaka saba, akakulia mahali ambapo hapakuwa na chuo wala mwalimu. Alijua kusali kwa alivyomwona mama yake. Mhoji alimuuliza majina ya miezi na idadi za rakaa za sunna. Tunajua watu wazima wa mitaa yetu ya kale, waliozaliwa kando ya msikiti, ambao mtihani huo ungewashinda.

Mtume (S.A.W.) alimkemea Usama bin Zayd (R.A.) alipomuua vitani mtu aliyekwisha kutamka shahada, kwa dhana kwamba alitamka kwa hofu ya upanga. Alimuuliza kama alikuwa ameupasua moyo wake akaona. Hilo ni onyo kwa kila apimaye imani ya mwenziwe. Tena katika dai la ukimbizi swali kubwa ni jinsi watesi wanavyomwona mtu, kuliko kiasi cha elimu yake. Wajomba walimhesabu kuwa ameacha mila kwa ajili ya dini. Hilo ndilo lililomtia hatarini.

Mizani hii haituhusu sisi peke yetu. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri la watu wa Ahmadiyya kutoka Pakistan, kwamba mtu hawezi kunyimwa hifadhi kwa kuambiwa arudi kwao akaifiche dini yake. Wanazuoni wetu wana hitilafu kubwa na Ahmadiyya katika msingi wa itikadi, na hitilafu hiyo iko pale pale. Lakini kumkinga mtu asidhulumiwe si kuikubali itikadi yake. Suratut Tawba inaamuru hata mshirikina akiomba ulinzi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Na mwezi wa Oktoba 2024 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba wanawake wa Afghanistan, kwa jinsi walivyobanwa na watawala wao, wanaweza kupewa hifadhi bila ya kila mmoja kutakiwa athibitishe vitisho vinavyomhusu yeye binafsi. Wanaokimbia pale ni Waislamu, na wanaokimbiwa wanatawala kwa jina la Uislamu. Tukilia kwa ajili ya binti wa Mlima Elgon na tukanyamaza kwa ajili ya hao, ushahidi wetu una upande.

Sababu ya nne

Tunarudi kwenye ile iliyotuchoma. Ilituchoma kwa kuwa ndani yake mna ukweli. Wako Waislamu wanaokeketa, hapa hapa Kenya. Na katika vitabu vya fiqhi vya madhehebu yetu ya Shafi mas-ala ya tohara ya mwanamke yamejadiliwa. Hatuna haja ya kulificha hilo mbele ya watu wazima. Lakini wanazuoni wa zama zetu wameyatazama madhara yaliyothibitika, wakarudi kwenye msingi wa kutokudhuru. Mwaka 2007 Mufti wa Misri, Sheikh Ali Gomaa, naye ni Mshafi, alitangaza kwamba ni haramu, baada ya msichana mmoja kufia mikononi mwa daktari aliyemkata.

Kosa la ofisa ni kuugeuza upungufu wa baadhi yetu uwe hoja dhidi ya binti ambaye dini yake ndiyo iliyompa nguvu ya kukataa. Kosa letu ni kwamba tumempa ofisa hoja hiyo. Kila baba Muislamu anayempeleka binti yake kukatwa, na kila sheikh anayenyamaza, ameandika mstari mmoja katika barua ile ya kukataliwa.

Barua ya pili

Kwa msaada wa wakili yule tuliandika upya. Tuliigawa barua katika sehemu tatu. Kwanza tuliyoyaona kwa macho yetu: kwamba tulikutana na mama tarehe fulani, kwamba tulimwona akihudhuria sala na darsa siku kadhaa. Pili tuliyoambiwa, na nani katuambia: kwamba imamu aliyemzika baba wa binti alitueleza habari za ndoa ile, naye yuko tayari kuandika mwenyewe. Tatu tunayoyajua kwa elimu yetu: hukumu ya wanazuoni juu ya ukeketaji, na kwamba uchache wa elimu haumtoi mtu katika Uislamu. Mwishoni tukaandika wazi kwamba binti mwenyewe hatujawahi kumwona.

Mama aliposomewa mstari huo wa mwisho uso ulimbadilika. "Sheikh, si utaiharibu?" akauliza. Tulimwambia, "Mama, Jaafar alisema kweli mbele ya mfalme, na kweli hiyo ilikuwa nzito kuliko hii." Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi ipeleke hivyo hivyo."

Nyumba zetu zifanye nini?

Enyi kina mama na kina baba, maombi kama haya yatawafikia, kwa kuwa watoto wetu wametapakaa duniani, na wageni wanaokuja kwetu ni wengi. Tunawausia haya.

Mwanamke anayeomba hifadhi asemewe na nafsi yake. Mume au kaka asiwe mkalimani wake. Mke anaweza kuwa na dai lake mwenyewe, mbali na la mume.

Msinunue visa. Wako madalali wanaouza habari za kutungwa, na wanaochukua pesa kwa kuahidi foleni fupi. Huduma za UNHCR kwa wakimbizi ni bure. Kisa cha uongo kikigunduliwa hakimwangushi mwenyewe tu. Kinawachafua wote watakaokuja nyuma yake na kisa cha kweli.

Mkiombwa barua, andikeni mliyoyaona, kwa tarehe, bila ya kuongeza chumvi. Tumeamriwa kusimamia haki na kutoa ushahidi hata juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu.

Siri ya mkimbizi ni amana. Habari zake zisisimuliwe barazani wala harusini. Neno likitoka Mombasa hufika mlimani kwa simu moja.

Na aliye ndani ya nchi, aliye hatarini leo, asisubiri kuwa mkimbizi. Namba 116 ni ya kuripoti madhila ya watoto, na 1195 ni ya ukatili wa kijinsia. Zote mbili hupigwa bila malipo.

Hadi tunapoandika haya, jibu la rufaa halijaja. Mama hutupigia simu kila Ijumaa, nasi hatuna la kumwambia ila kumwombea. Alituambia wiki iliyopita kwamba binti ameanza kujifunza Suratul Mumtahana kwa mwalimu wa kike huko aliko, na kwamba amefika aya ya kumi.

Mwenyezi Mungu awakinge mabinti zetu na mabinti wa watu, awape wanaohukumu masikio ya Najashi, na atupe sisi ndimi za kweli. Wabillahi tawfiq.